DeepCool AK400 na mashine ya kusaga: uzoefu wangu wa kubadilisha kipoza cha prosesa Dodoma

Banda langu la kuhariri video liko Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini, na ukuta wa nyuma nimechangia na mashine ya kusaga. Naanza na mashine kwa sababu bila yenyewe nisingekuwa na cha kuandika leo. Ikiwashwa asubuhi, unga mwepesi wa mahindi na mtama unapanda, unapita ule upenyo wa juu ambapo bati linakutana na tofali, unatua kwangu. Unatua kwenye meza, kwenye kamera, kwenye nywele za mteja. Uchanganye na vumbi letu jekundu la kiangazi, lile linaloanza mwezi wa tano na kukaa mpaka mvua za Desemba, uone kompyuta inavuta nini.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, prosesa yake, yaani ubongo unaopiga hesabu zote, ni Ryzen 5 3600 ya AMD, ina kumbukumbu (rami) ya gigabaiti 16 na kadi ya picha ya kawaida. Niliinunua mtumba ikiwa na kile kipoza kidogo kinachokuja na prosesa kwenye boksi, Wraith Stealth. Ni kipande cha alumini kilicholala chini, hakina mrija hata mmoja wa shaba, na feni iko juu yake. Kwa mtu wa Word na barua pepe kinatosha kabisa. Mimi kazi yangu ni harusi, sendofu, kipaimara na mara moja moja kikao cha watumishi, maana tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 sherehe zimeongezeka na wenye sherehe wamekuwa na haraka. Video ya saa moja ikiingia kwenye kurenda, yaani kompyuta kuiunganisha iwe faili moja lililokamilika, prosesa inashika asilimia mia na haishuki mpaka imalize.

Kilichonisukuma kutoa hela ni kelele. Joto nililigundua baadaye. Ilikuwa Oktoba, saa nane mchana, bati linalia kwa jua, nimekaa na mama wa bibi harusi anachagua vipande vya kuingia ukumbini. Nikabonyeza kurenda sampuli. Feni ikapanda, ikapanda tena, ikafika ule mlio wa juu kabisa. Mama akanitazama, akatazama chini ya meza.

"Mwanangu, hii mashine yako inaruka kwenda wapi?"

Nikacheka, lakini moyoni sikucheka. Jioni nikafungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na mwendo wa prosesa, nikairenda tena nikiangalia namba. Ilikuwa imegota nyuzi 95, na 95 ndiyo kikomo alichokiweka mtengenezaji kwa prosesa hii. Ikifika hapo inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Yangu ilikuwa imeshuka mpaka gigahezi 3.4, wakati hata mwendo wake wa msingi ni 3.6. Yaani nimelipia farasi, napanda punda.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisikiliza dakika mbili akasema prosesa imechoka, nibadilishe, nimwachie laki mbili na themanini. Sikumwachia. Prosesa haichoki hivyo jamani. Nikarudi nyumbani, nikachukua brashi ya rangi ambayo haijawahi kushika rangi na blowa ya kuazima, nikaitoa kompyuta nje nikaipuliza. Kilichotoka kati ya mapezi ya kile kipoza hakikuwa vumbi la kawaida. Kilikuwa kama kipande cha blanketi, cheupe upande mmoja na chekundu upande wa pili. Nilikishika nikakinusa: ugali. Unga ulikuwa unapashwa moto humo kila siku, ukashikana.

Baada ya kusafisha, mzigo ule ule ukafika nyuzi 88. Hapo msomaji naomba unielewe vizuri kabla hatujafika kwenye sifa za DeepCool: nyuzi saba nilizipata kwa brashi, bure. Kama hujawahi kufungua kesi yako, yaani boksi la kompyuta, tangu uinunue, anza hapo, hela yako ibaki mfukoni kwanza.

Lakini 88 bado ilikuwa 88, na kelele ilikuwa ile ile.

Nikaanza kupima. Vipoza vya mnara, vile vinavyosimama wima na feni ubavuni, vinataka kimo, na kesi zetu hizi za bei nafuu ni nyembamba. Niliazima futikamba ya fundi cherehani wa jirani, nikapima kutoka kwenye uso wa mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, mpaka pale mfuniko wa pembeni unapokaa, nikatoa unene wa prosesa na wa soketi inamokaa. Ikabaki kama sentimita 16 na unywele. Hyper 212 Black Edition ya Cooler Master, ambayo ndiyo niliyokuwa naisikia miaka yote, ina milimita 158.8. Kwa hesabu za karatasini ingeingia. Kwenye kesi iliyopinda kidogo kama yangu sikuwa na hakika. AK400 ya DeepCool, ambayo ndiyo niliyoichagua, ina milimita 155. Ina mirija minne ya shaba, feni moja ya milimita 120, na watengenezaji wanasema inabeba hadi wati 220. Ryzen 5 3600 inaandikwa wati 65, na ikibanwa sana inavuta kama wati 88. Kwa hiyo nilikuwa namnunulia mtoto kanzu ya baba yake, ila kwa joto la Dodoma kanzu pana si vibaya.

Dodoma sikuipata siku ile. Binamu yangu yuko Dar, akaingia Kariakoo, akaikuta kwa shilingi 115,000, nikamtumia kwa M-Pesa, akaipakia kwenye basi la usiku. Asubuhi nikaifuata stendi ya Nanenane, mzigo shilingi 8,000. Boksi lilikuwa limebonyea kona moja na mimi nikabonyea pamoja nalo, lakini ndani sifongo lilikuwa limefanya kazi yake. Hakuna pezi lililopinda. Kina uzito unaoushangaa mkononi, gramu 661, karibu paketi moja na theluthi ya sukari ya nusu kilo.

Nilisubiri Jumapili, siku ambayo mashine ya kusaga haifanyi kazi.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kulia, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Kufunga AK400 si kazi. Kazi ni kukitoa kile cha zamani.

Nilizima, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili kumaliza umeme uliobaki, nikashika chuma cha kesi. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nikalaza kesi kwa ubavu juu ya khanga. Wraith Stealth inashikwa na skrubu nne zinazopita kwenye mazabodi na kuingia kwenye bati la chuma lililo nyuma yake. Nikazilegeza kwa mshazari, kidogo kidogo. Zilipotoka zote nne, lile bati la nyuma likaanguka ndani kwa mlio mdogo, kwa sababu hakuna kingine kinacholishika. Hilo sikulijua, ila halina madhara, nitalirudia.

Kipoza hakikusogea. Nikavuta. Hakikusogea. Nikashika kwa mikono miwili nikakivuta moja kwa moja juu kama mtu anayeng'oa muhogo.

Tap.

Kilitoka. Na prosesa ilitoka nacho, imeganda chini yake, miguu yote iko hewani. Soketi za AM4, kwa wasiozijua, ndizo za prosesa za AMD kama yangu; zina matundu, na pini ziko kwenye prosesa yenyewe, 1,331. Kile kikono cha pembeni kinazibana kwa msuguano tu, hakuna chuma kinachofunika prosesa juu kama ilivyo kwa prosesa za Intel. Pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ili ipitishe joto, ikishakauka kwa miaka mitatu inakuwa gundi, na gundi ile ina nguvu kuliko kikono. Nilikuwa nimeichomoa prosesa kwenye soketi iliyofungwa.

Nilikaa kwenye kiti dakika nzima nikiishika mkononi kama kifaranga kilichokufa.

Nikaenda mlango wa pili, saluni.

"Dada, shikamoo ya leo ni ya shida. Nikopeshe draya."

"Kaka, una nywele gani wewe za draya?"

Nikamwonyesha. Hakuelewa ni nini, ila alielewa uso wangu. Akaja nayo mwenyewe, akaiweka moto wa kati, akapuliza upande wa alumini huku mimi nimekishikilia, mwendo wa dakika tatu hivi, kama anakausha rasta za mtu. Kisha nikachukua uzi mwembamba wa nailoni, nikaupitisha kati ya kipoza na kofia ya chuma ya prosesa, nikausukuma mbele na nyuma taratibu kama msumeno. Ukapita. Prosesa ikadondokea kwenye kiganja, nyuma yake ikiwa juu, na hapo ndipo nilipoona pini tatu za kona zimelala.

Usizinyooshe kwa kucha. Usizinyooshe kwa pini ya hijabu, ingawa dada alinipa moja. Nilichokuwa nacho ni penseli ya kubonyeza ya mwanangu, ile ya risasi nyembamba ya 0.5. Ukiitoa risasi yote unabaki na kijibomba kitupu kwenye ncha, na kijibomba kile kinaingia kwenye pini moja bila kugusa jirani yake. Unakivisha, unainua kiasi cha unywele mmoja, unatoa, unaangalia kwa kuinamisha prosesa usawa wa jicho hadi mistari ikae kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Unarudia. Tatu zile zilinichukua dakika ishirini na tano na shati zima la jasho. Hakuna iliyokatika. Ingekatika moja tu, pengine yule fundi wa laki mbili na themanini angenicheka mpaka leo.

Jinsi nilivyotakiwa kufanya ni hivi: iwashe kompyuta, ipe kazi nzito dakika kumi mpaka ipate moto, izime, chomoa waya, fungua skrubu wakati pesti bado laini, kisha kizungushe kipoza kushoto na kulia kama unafungua mfuniko wa chupa ya asali. Kikianza kuteleza ndipo unainua. Usivute juu kwa nguvu hata kama una haraka ya kwenda ibadani.

Nikainua kikono cha soketi, nikapanga ile pembetatu ya dhahabu ya kona na alama ya kwenye soketi, nikaiachia prosesa. Ikashuka yenyewe, bila kusukumwa. Hiyo ndiyo dalili kwamba pini zimenyooka. Ikigoma, usiikandamize, rudi kwenye penseli. Nikashusha kikono. Nikafuta pesti ya zamani kwa kitambaa cha pamba na spiriti.

Kuanzia hapo AK400 ilikuwa mteremko. Kwa AM4 inatumia lile lile bati la nyuma linalokuja na mazabodi, kwa hiyo usilitupe. Kesi yangu ina dirisha nyuma ya mazabodi, nikalirudisha bati mahali pake nikalishikiza kwa vipande viwili vya seloteipu ili mikono yangu iwe huru. Mbele unaweka vibomba vinne vya plastiki, juu yake vyuma viwili vya kushikia, skrubu nne, umemaliza msingi. Unatoa feni kwenye mnara, maana ikiwepo bisibisi haipiti. Ukikuta nailoni ya kulinda shaba chini ya mnara, bandua.

Pesti niliweka ya kwangu, MX-4 ya Arctic, bomba la gramu 4. Tone moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko. Watu wanapenda kuipaka kama siagi kwenye mkate, mimi naona uzito wa kipoza unaitandaza vya kutosha. Ukakaa mnara, nikakaza skrubu zake mbili za springi kwa zamu: mizunguko miwili huku, miwili kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mnara unapanda upande mwingine na utaanza upya. Bisibisi iwe ndefu na nyembamba. Yangu fupi ilinigomea, nikarudi kwa fundi cherehani, na siku hiyo alishaanza kuniangalia kama mtu anayejenga nyumba.

Feni nayo ina mbele na nyuma. Hewa inatokea upande ule wenye mikono minne inayoshika mota. Upande huo ndio unaotazama mapezi ya mnara, na mnara usukume hewa kuelekea ile feni ya nyuma ya kesi. Ukiigeuza, feni mbili zitasukumana kifua kwa kifua. Rami zangu ni fupi zisizo na mapambo, feni ikapita juu yake bila ugomvi; mwenye rami ndefu za kung'aa apime kabla. Waya wa feni una matundu manne, unachomekwa pale palipoandikwa CPU_FAN. Nasisitiza kwa sababu nilipowasha mara ya kwanza skrini ilinipigia kelele kwamba feni haipo. Nilikuwa nimechomeka pa jirani. Baada ya pini tatu, lile kosa lilikuwa kama zawadi.

Namba sasa. Video ile ile, mchana wa Oktoba kama ule, dirisha wazi, mashine ya kusaga inanguruma: 74. Siku moja yenye joto kali zaidi nimeiona 76. Usiku, upepo wa Dodoma ukishaingia, inacheza kwenye 67 na 68. Mwendo wa prosesa sasa unakaa gigahezi 3.95 na haushuki.

Ila kama mtu amekuambia kompyuta yako itapaa, amekudanganya. Video ya saa moja iliyokuwa inachukua dakika 58 wakati kipoza cha zamani kikiwa kisafi, sasa inachukua 54. Dakika nne. Zile dakika nyingi nilikuwa nimezirudisha kwa brashi tayari. Nilichokinunua kwa shilingi 123,000, ukijumlisha na basi, ni ukimya, na kwa biashara yangu ukimya una bei. Feni ya AK400 inazunguka kati ya mizunguko 500 na 1,850 kwa dakika, na kwa mzigo wangu haijawahi kulazimika kufika juu. Mteja anakaa, tunasikiliza muziki wa kuingia maharusi, na kinachosikika nyuma ni mashine ya kusaga tu. Hiyo sina kipoza chake.

Ninachokilalamikia ni kidogo. Mnara mrefu unaning'inia kwenye mazabodi, kwa hiyo nikipeleka kompyuta Kongwa au Mpwapwa kwa kazi ya siku mbili, nailaza kwenye kiti cha nyuma, mnara ukitazama juu, na namwambia dereva matuta ayaheshimu. Pia mapezi yako karibu karibu. Kwa mtu wa Masaki, kule kwa wenye nazo Dar, sawa. Kwa mtu wa ukuta mmoja na unga, ni chujio la chai.

Nimejaribu kulipunguza hilo kwa soksi ya kike, ile nyembamba ya nailoni, nimeivuta juu ya matundu ya mbele ya kesi na kuibana kwa mpira. Inashika unga mwingi kuliko nilivyotegemea, joto limepanda nyuzi mbili tu. Kila Jumamosi naitoa, naikung'uta nje, na mara moja kwa mwezi napuliza mnara kwa blowa. Ukipuliza, izuie feni kwa kidole au kijiti isizunguke. Upepo wa blowa unaweza kuizungusha kuliko uwezo wake ikaharibu beringi, au ikarudisha umeme kwenye mazabodi.

Wiki iliyopita mzee wa mashine alipita, akanikuta mlangoni nakung'uta soksi, wingu jeupe limenizunguka.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo soksi ya nani?"

"Ya kompyuta, mzee. Inakusanya unga wako."

Akaichukua, akaisugua kati ya vidole viwili kama anavyokagua kazi yake kila siku.

"Huu ni wa uwele," akasema. "Wa juzi. Chekeche lilikuwa limechanika."

Chekeche amebadilisha Jumatatu. Soksi ya Jumamosi hii ilikuwa nyepesi kidogo.